Mwaka Niliokaa Ndani na Tabita

Ijumaa, tarehe 3 Julai, Tabita binti Elieza alifariki nyumbani kwa mwanawe, Kibaha, nyuma ya maduka ya Kwa Mathias. Habari zilinifikia saa nne asubuhi nikiwa namenya muhogo. Mjukuu wangu ndiye aliyepokea simu. Akanitazama, nami nikajua kabla hajafungua mdomo, maana Tabita alikuwa na wiki tatu hali chakula. Hatukuwa ndugu. Yeye alizaliwa katika nyumba ya mzee wa kanisa, mimi ni Mwislamu na nitakufa Mwislamu inshallah. Lakini hakuna mtu mwingine duniani, hata marehemu mume wangu, niliyewahi kukaa naye chumba kimoja usiku na mchana, miezi tisa, bila kutoka nje kuliona jua.

Jumamosi nilikwenda kuzika. Mwanangu mkubwa aliniambia, "Mama, msibani nenda, lakini kanisani usiingie, watu watasema." Nikamwitikia. Nikakaa nje kwenye benchi, chini ya dirisha, pamoja na madereva wa magari yaliyoleta watu. Kupitia dirishani nikasikia historia ya marehemu ikisomwa: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alipata kipaimara, akaolewa, akajaliwa watoto watano. Msomaji alitoka kwenye kipaimara akaenda moja kwa moja kwenye ndoa, kama mtu anavyoruka dimbwi la maji. Mwaka wetu haukutajwa. Sikukasirika. Aliyeandika karatasi ile hakujua, na waliojua wamekwisha, nimebaki mimi. Ndiyo maana naandika. Shule yangu ni darasa la nne na chuo cha Kurani, mnisamehe nitakapokosea.

Ilikuwa Masaki ya Kisarawe, wakati wa Mwingereza. Mwaka wenyewe siujui kwa hesabu ya kalenda. Bibi yangu, mzaa mama, alihesabu kwa mikorosho: niliwekwa ndani ilipokwisha kuokotwa korosho za msimu mmoja, nikatolewa msimu uliofuata. Kwetu Wazaramo msichana akivunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akafundishwa na mwanamke mtu mzima mpaka siku ya kutolewa nje kwa ngoma. Bibi ndiye aliyekuwa akiwafundisha wasichana wa pale kijijini, na chumba chake cha uali kilikuwa cha ndani kabisa, cha udongo, hakina dirisha. Mwanga uliingia kwa upenyo mdogo kati ya ukuta na makuti, ukaanguka ukutani mfano wa sarafu. Palikuwa na kitanda cha kamba, mkeka, mtungi wa maji, na harufu ya moshi na mafuta ya nyonyo ambayo mpaka leo nikiisikia nageuka kumtafuta mtu. Ukuta mmoja ulipakana na ukumbi, Bibi alipokuwa akikaa na wageni. Ukuta wa pili ulipakana na jiko. Kwa hiyo sikuona kitu, nikasikia kila kitu.

Sheria za Bibi zilikuwa chache lakini hazikuvunjwa. Mwali hasikiki sauti. Chumbani unanong'ona, na ukiitwa na mtu aliye nje ya chumba unajibu kwa kupiga kofi moja, maana yake nimesikia, nipo. Asubuhi unamwogesha mwanahiti na kumpaka mafuta. Huyo alikuwa kitoto cha mti, kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, hana miguu wala mikono, ana nywele kidogo za kweli kichwani. Mwali humlea kama atakavyolea mtoto wake. Kitoto kile kilikuwa cha ukoo, na aliyekitunza alikuwa mjomba wangu Kondo, mwana wa Bibi. Mjomba Kondo alikuwa mwalimu wa chuo na ndiye aliyehutubu msikitini. Ijumaa alisema kwa sauti kali kwamba mwenye kuweka sanamu ndani ya nyumba, malaika hawaingii kwake. Alhamisi alikuwa amekwisha kuleta chupa ya mafuta ya nyonyo, akasimama ukumbini akauliza, "Mtoto hajambo?" Miezi miwili nilidhani ananiuliza mimi.

Mwezi wangu wa tatu ndani, mchana mmoja, nikasikia viatu ukumbini, na kuku akilia kama aliyefungwa miguu. Watu wa kwetu hawakuvaa viatu siku ya kazi, nikajua ni mtu wa misheni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mzee Elieza," akasema Bibi. "Leo umepotea njia? Kanisa liko kule."

"Nimekuja kwa neno."

"Keti useme."

Akakohoa. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikohoa hivyo hata kanisani kabla ya kusoma matangazo. "Mama Tabita hana raha na mtoto. Wanawake wanamwita msungo kisimani. Wamemtungia na wimbo."

"Msungo ni asiyefundwa. Hajafundwa, wamekosea nini? Na Jumapili wewe ulisema nini? Nimeambiwa ulisema atakayemweka mtoto ndani amejitenga na Meza ya Bwana."

"Hayo ni ya kanisa."

"Na haya?"

Mzee Elieza akashusha sauti. "Mama, mimi sijui kitu. Keshokutwa nina safari. Nikirudi nikikuta mtoto hayupo, nitaambiwa yuko kwa shangazi yake Mlandizi. Sitauliza."

"Huulizi?"

"Siulizi."

Bibi akacheka kicheko chake kifupi cha puani. "Basi huyo kuku uliyemleta mwache hapo, ewe usiyejua kitu."

Tabita, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, aliletwa saa za mchana, watu wakiwa mashambani, amebeba mzigo wa kuni kichwani kama anayekuja kuuza. Mama yake alimfuata nyuma hatua nyingi kama asiyemjua. Walipofika mlango wa chumba mama mtu hakuingia. Alimshika mwanawe masikio yote mawili, akayavuta kidogo kama anayeyanyoosha, akaondoka.

Sasa niseme la kwangu, maana nikilificha hili mengine yote niliyoandika hayana thamani. Sikumpokea vizuri. Mjomba alikuwa ametufundisha chuoni kwamba chombo alicholia Mnaswara, yaani Mkristo, kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Ukubwani nilikuja kujua kwamba maneno hayo yalisemwa kwa habari ya mbwa. Lakini siku zile niliyaamini, na Bibi alipoleta chakula nikasogeza sahani yangu pembeni nikanong'ona, "Mikono yako inanuka nguruwe."

Tabita akainusa mikono yake, akaninyooshea. "Inanuka kuni. Nguruwe sijawahi kula. Baba anasema wanaharibu muhogo tu."

"Mjomba amesema mnakula."

"Na mwalimu wetu wa Jumapili amesema ninyi mtaungua moto."

"Lini?"

Akafikiri. "Hakusema."

Bibi alisikia yote kutoka jikoni. Kesho yake akaleta sahani moja, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akaiweka katikati ya mkeka akatoka. Tuliitazama sahani ile mpaka ugali ukaota ngozi juu. Mwisho nikachora mstari katikati ya ugali kwa kidole: huku kwangu, huku kwako. Siku ya pili mstari ulipinda, maana yeye alikuwa na njaa zaidi. Siku ya tatu nilisahau kuuchora mpaka tulipofika nusu, tukatazamana, nikauchora juu ya kilichobaki, yeye akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. Siku ya nne hapakuwa na mstari. Mkubwa yeyote angetuhubiria juu ya upendo tungemsikiliza na kuendelea kuchora. Tuliacha kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Nikiikumbuka miezi ile sasa, naikumbuka kwa minong'ono. Tabita alijua kusoma ile sarafu ya mwanga ukutani. Ikifika kwenye ufa fulani aliniambia, "Zena, adhuhuri yako imeingia," nami nikasali, yeye amegeukia ukuta ili asinichanganye. Jioni alipiga magoti yeye, nami nikawa najipaka mafuta polepole nisigongeshe chupa. Ramadhani ilipoingia siku za mwanzo alikula mchana amenipa mgongo. Halafu akaacha kula mchana. Sikumwomba. Nilipomuuliza akasema kula peke yake kunamchosha. Mwanahiti tulimlea kwa zamu. Alimwimbia nyimbo za misheni kwa sauti ya chini, na mimi nikampigia mashairi ya maulidi, na mtoto wa mti hakulalamika.

Usiku mmoja aliniambia jambo lililomtia hofu. Mama yake alikuwa amezika watoto watatu kabla yake, wote wachanga, katika makaburi ya kanisa, wamelala mstari mmoja. Pembeni yao palikuwa na nafasi, na mama mtu alikuwa akipafyeka kila mwezi. Mwanamke aliyetengwa na Meza ya Bwana hakuzikwa pale. Alizikwa porini, bila kuimbiwa. "Wakijua niko hapa," akasema, "mama atakosa mahali pake." Baada ya maneno hayo hata kupiga chafya tulijizuia.

Tuliharibu sisi wenyewe, kwa utii. Mama Natanaeli, mwanamke wa kanisani mwenye macho ya haraka, alikuja kuazima ungo. Akaupata, akakaa, akazungumza habari za nzige na za mkwewe, na alipoinuka akasema kwa adabu, "Mwali wako hajambo?"

"Hajambo," akasema Bibi, na kwa mazoea akaita, "Mwali! Unasalimiwa!"

Nikapiga kofi. Na Tabita akapiga kofi. Miezi yote tulikuwa tukipiga pamoja tunapoitwa na Bibi, imekuwa kama kupumua. Makofi mawili, moja nyuma ya jingine.

Mama Natanaeli akasema, "Mbona makofi mawili?"

"Mwali wangu ana mikono miwili," akasema Bibi.

"Kofi moja ndilo lenye mikono miwili, bibi. Haya yalikuwa ya mikono minne."

Tabita aliitazama mikono yake kama si yake.

Habari zilifika msikitini kabla ya kufika kanisani. Jioni ile ile Mjomba Kondo alikuja hakutoa hata salamu. "Mama, unamlisha mtoto wetu sahani moja na kafiri? Vyungu hivi vivunjwe, na huyo binti atoke leo."

Tukasikia Bibi akiinuka, kisha kitu kizito kikawekwa sakafuni. "Chungu hiki hapa. Nilikupikia uji ukiwa hujaota meno. Kivunje."

"Mama, watu wa msikitini watasema nini?"

"Watasema. Na kile kitoto unachokiletea mafuta, walisemaje?"

"Hilo ni la ukoo."

"Na hili ni la nyumba yangu. Vunja, Kondo, nataka kupika."

Hakuvunja. Alikaa kidogo, akauliza kwa sauti nyingine kama mafuta yapo ya kutosha, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walikuja wazee watatu wa kanisa. Sauti mbili sikuzijua. Ya tatu ilikohoa, na Tabita akanishika goti. Baba yake amekuja nao.

"Bibi," akasema mmoja, "tumesikia una binti wa usharika wetu humu ndani."

"Chumba kile hakiingii mwanamume. Mnaotaka kujua, kajueni kwingine."

"Hatuingii. Mzee Elieza, mwite mwanao. Sauti ya baba ataijua."

Mzee Elieza alikawia. Nilisikia kuku wakiparua uani. Kisha akaita, "Tabita."

Mikono ya Tabita ikainuka yenyewe. Nikaikamata yote miwili nikaibana kifuani kwangu. Ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka mtoni. Hakushindana nami, ila nilihisi vidole vyake vikijaribu kukutana.

"Tabita, kama umo, jibu."

Aliyejibu alitokea jikoni. Hatukujua kwamba Mama Tabita alikuwa amekwisha kuingia pale, amekuja kutwanga kisamvu kama alivyokuwa akija siku za Jumapili. Tulisikia mchi ukiegemezwa ukutani. "Yumo," akasema. "Nimemweka mimi."

"Wewe peke yako?"

"Nimemweka mimi."

"Mumeo alijua?"

Neno moja tu la Mzee Elieza lilitakiwa pale. Angelisema, angeacha uzee wa kanisa, nao wangetengwa wote wawili, mke asiwe peke yake. Mama Tabita hakujibu swali lile. Alingoja, nasi tukangoja, na najua hata Bibi alingoja, maana sikusikia ukili wa mkeka aliokuwa akiusuka.

"Mimi nilikuwa safarini," akasema Mzee Elieza.

Na mkewe, baada ya kitambo, akasema, "Alikuwa safarini."

Kwa miaka mingi nilimchukia mtu yule. Nilipoolewa, nikazaa, nikamwona mume wangu na wanangu wakisema jambo moja barazani na jingine chumbani, chuki ikapungua makali. Jumamosi iliyopita nikiwa kwenye benchi la nje, nasikia wanamwimbia rafiki yangu, nikijua kwamba hapana aya ninayoijua mimi inayonizuia kuingia kumuaga, nilielewa kwamba safari ile ya Mzee Elieza wengi tumewahi kuisafiri.

Jumapili iliyofuata jina la Mama Tabita lilisomwa kanisani kati ya waliotengwa. Matangazo yalisomwa na mzee wa zamu, na zamu ilikuwa ya mumewe. Mama yangu alipita karibu akasikia, akaja kutueleza. Alikohoa, akasoma jina la mkewe likifuatwa na la babaye, yaani baba mkwe wake mwenyewe, akageuza karatasi. Mama Tabita alitoka, akarudi nyumbani, akapika, na mumewe akala. Wiki ile Tabita hakumgusa mwanahiti. Nilimwogesha mimi. Siku ya nane aliniambia, "Mlete nimpake, wewe humpaki shingoni," nikampa.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kuficha tena, na Bibi akasema wote wawili tutatolewa siku moja, hadharani. Mwali anapotolewa hubebwa begani na mjomba wake mpaka uwanjani, amefunikwa kanga asione njia. Mjomba Kondo alikuja amenuna. Alisema ngoma ni kazi ya shetani, alisema atanibeba kwa sababu tu hataki kuvunja udugu, akachuchumaa nikapanda begani. Alinishika vifundo vya miguu kwa nguvu, kama anayeogopa nitaanguka. Wajomba wa Tabita walikuwa wawili, wote wamebatizwa. Mmoja alituma neno kwamba anaumwa mgongo. Mwingine hakutuma neno.

Nikiwa juu, chini ya kanga zangu, nikasikia wanawake wakibishana nani amchukue. Bibi ni mzee, fulani ana mimba, fulani mumewe atamwacha. Kwa desturi mama mzazi hakaribii siku ile. Hukaa nyumbani kungoja. Ghafula nikasikia sauti ya Mama Tabita karibu kabisa na ardhi: "Panda."

"Mama, wewe huruhusiwi," akanong'ona Tabita.

"Huku nako nimekatazwa? Panda, mwanangu, magoti yanauma."

Akapanda. Nikasikia pumzi ya mwanamke yule akiinuka, ndefu, kama ya mtu anayeng'oa jiwe. Tukaenda, mimi mbele juu ya mjomba wangu, wao nyuma, ngoma haijapigwa bado. Njia ya uwanjani ilipita mbele ya nyumba ya Mzee Elieza. Pale wanawake wote walipunguza sauti, na Mjomba Kondo, ambaye kwa miaka hakusalimiana na mtu yule, akasema, "Salama hapo?" Hakujibiwa.

"Mama," akasema Tabita chini ya kanga zake, "tuko wapi?"

"Nyumbani. Baba yako yuko mlangoni."

"Anafanya nini?"

Nilisikia nyayo za Mama Tabita zikisimama. Mjomba naye akasimama. Tulikaa hivyo muda wa mtu kuvuta pumzi mara tatu nne, sote wawili hatuoni kitu, tunategemea masikio kama tulivyozoea. Sikusikia kikohozi. Sikusikia mlango ukifungwa wala hatua ikija. Kisha nyayo zikaanza tena.

"Tumepita," akasema Mama Tabita.

Alimbeba mpaka uwanjani bila kumpa mtu mwingine. Pale akachuchumaa, akamtua, akaketi chini mavumbini amenyoosha miguu, anahema, jasho linasikika hata katika sauti yake.

"Jamani," akasema, "mtoto mzito huyu. Mmemlisha nini?"

"Muhogo," akasema Bibi, na wapiga ngoma wakaanza.